Baiskeli Zimefika, Ahadi Bado



Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za safari ya baiskeli waliyoifanya watumishi wenzetu kutoka Tanga mpaka Muheza, kwa kusudi la kuwachangia watoto wa shule moja ya wilayani wasioweza kutembea kwa miguu. Twawapongeza wote walioshiriki. Lakini liko neno jingine ambalo hatuna budi kulisema, nalo si la pongezi. Twaomba lisikilizwe kwa moyo mwema.

Kwanza habari yenyewe. Jumamosi alfajiri waendeshaji 18 walikutanika, nao walikuwamo makarani wa hesabu, wapiga chapa, mabwana afya, waalimu wawili na tarishi mmoja. Njia ni mwendo wa kilometa zipatazo 40. Kwa gari si mbali, lakini akaaye kitini kutwa akiandika huuhesabu mwendo huo kwa magoti yake. Kutoka pwani nchi hupanda kidogo kidogo, hupita Pongwe, kisha mashamba ya mkonge, mpaka kufika Muheza penye michungwa. Reli ilifika huko mwaka 1896, na tangu hapo wengi wameipita njia hiyo wakiwa wamekaa, zamani katika gari moshi na leo katika basi. Wenzetu waliipita wakitoka jasho.

Mbele ya Pongwe baiskeli ya karani mkuu mmoja ilipata pancha. Yeye hakuwa na pampu wala kiraka, na wengi wetu kadhalika. Aliyekuwa navyo ni tarishi, kwa kuwa yeye baiskeli ndiyo kazi yake ya kila siku. Aliketi kando ya barabara, akatoa mpira wa ndani, akaubandika kiraka, na karani mkuu akamshikia gurudumu kama mwanafunzi. Tangu hapo tarishi alikaa nyuma ya msafara ili asiachwe mtu, na wote walikubali amri yake. Wenzetu wawili walishindwa na kilima wakamalizia safari juu ya lori. Hatuwacheki, maana walijaribu, na sisi tuliobaki mjini hatukujaribu.

Sasa neno lenyewe. Kabla ya safari, karatasi za ahadi zilipitishwa maofisini, na watu 112 waliandika majina yao na kiasi watakachotoa. Mpaka tunapoandika maneno haya, waliolipa ni 61 tu. Fedha iliyoingia yatosha kununua baiskeli mbili za magurudumu matatu, zile ziendeshwazo kwa mikono. Sisi tuliahidi nne. Baiskeli ya namna hii hainunuliwi kama shati sokoni. Hutengenezwa kwa kipimo cha mwenye kuipanda, asije akaumia mgongo au mikono isifike. Kwa hiyo mwalimu mkuu amekwisha kuwapima watoto wanne, na wote wanne wajua kwamba wamepimwa. Je, nani kati yetu atakwenda kuwachagua wawili na kuwaambia wenzao wangoje?

Tumeuliza sababu, na tumepata majibu ya namna tatu. Wako wasemao wamesahau. Hao tumewakumbusha leo. Wako wasemao waliahidi kwa kila kilometa, na mtu wao hakufika Muheza. Hao na walipe kwa kilometa alizokwenda, ndiyo haki. Jibu la tatu ndilo lililotufikirisha zaidi. Mmoja alituambia, "Karatasi ililetwa na mkubwa wangu, jina lake li juu kabisa na kiasi kikubwa mbele yake. Niliona haya kuandika kidogo." Mtu huyu ana watoto shuleni na mshahara mdogo, naye aliandika asichokuwa nacho.

Kosa hili si la mtu huyo peke yake. Sadaka iombwayo na mwenye mamlaka juu yako haina tofauti kubwa na kodi. Mkubwa wa ofisi huenda hakukusudia ubaya, lakini kalamu mkononi mwa mtu wa chini hutetemeka akitazamwa. Basi twashauri kwamba safari ijayo karatasi zisipitishwe na wakubwa, wala kiasi cha mtu kisionekane na mwingine. Mweka hazina peke yake ndiye ajue. Na aliyeahidi kupita uwezo wake aende kwa mweka hazina aseme wazi, apunguziwe bila kuulizwa sana. Fedha kidogo iliyo mkononi yamfaa mtoto kuliko fedha nyingi iliyo katika karatasi.

Tutazame na walivyofanya wengine. Huko Marekani, mwaka 1980, watu 36 waliendesha baiskeli kutoka Springfield hadi Provincetown kuchangia matibabu na utafiti wa saratani, wakapata dola 10,200. Safari ile, iitwayo Pan-Mass Challenge, imekua ikawa ya maelfu ya watu. Sharti moja ladumu: kila mwendeshaji hujifunga kuleta kiasi fulani, na akipungukiwa hutoa mwenyewe kilichobaki. Sisi si matajiri, wala hatusemi tarishi wetu alipie ahadi za mabwana. Twasema tu kwamba kazi ile ilikua kwa kuwa ahadi ilishikwa.

Katika kamati wako waliotaka majina ya wadeni yachapwe katika kurasa hizi. Sisi tulikataa, na sababu yetu ya kwanza twaiungama: tungalilazimika kuanza na jina letu wenyewe. Mpaka juzi ahadi ya mhariri ilikuwa haijalipwa, nasi tulikuwa tukijiambia kwamba mwisho wa mwezi ungali mbali. Sasa tumelipa. Sababu ya pili ni kwamba aibu humfanya mtu alipe mara moja na kukimbia mara ya pili.

Mwaka 1922, katika mji huu wa Tanga, Martin Kayamba na wenziwe waliunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Walikuwa watu wa kushika madaftari, wajuao kwamba hesabu isiyofungwa humvunjia heshima aliyeiandika. Sisi tulioirithi kazi ile ya kalamu, je, tutashindwa kulifunga daftari dogo namna hii?

Mweka hazina atapokea malipo kila siku baada ya kazi hadi tarehe ya mwisho wa mwezi huu, na hesabu yote, ya mapato na ya matumizi, itabandikwa ubaoni. Gharama za chai na maji ya njiani zimekwisha kulipwa na waendeshaji wenyewe, hazitagusa fedha ya watoto.

Dawa ya deni ni kulipa. Waliopanda kilima wamekwisha kupanda. Sehemu iliyobaki ya safari ni yetu sisi tuliokaa.