Kumwacha Mwana Aende Si Kumtupa

Malezi yana mwanzo unaojulikana, lakini mwisho wake ni vigumu kuutambua. Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako Kiswahili husikika tangu alfajiri hata usiku, mama mmoja muuza ndagala alilazimika kulifikiria jambo hilo siku binti yake wa mwisho, mwenye umri wa miaka 22, alipomwambia kwamba anataka kwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani.

Mama huyo alikwisha kuwaaga watoto wawili. Mwanawe wa kiume alikwenda kusoma katika shule ya bweni huko Gitega; kabla hajaondoka, mama alimfundisha kufua nguo zake na kuhesabu matumizi yake. Binti mkubwa aliolewa, na hapo mila ya Warundi iitwayo gutwikurura ikamsaidia mama. Katika mila hiyo, jamaa za bibi arusi humwendea kwa mumewe wakiwa na vyakula na zawadi, naye hutolewa rasmi katika utawa wa uarusi ili aanze kushika kazi za nyumba yake. Siku hizi wengi huifanya sherehe hiyo siku ileile ya harusi, lakini maana yake haikupotea. Wazazi hupaona mahali mtoto wao anapokaa, na waliompokea hujua kwamba ana watu.

Safari hii ya tatu haikuwa na kikapu cha kupeleka, wala jamaa wa kutumwa kwenda kutazama. Usiku ule mama hakupata usingizi. Kumkatalia kulikuwa rahisi, lakini mtoto akatazwaye bila sababu aweza kutoroka kwa njia za uchochoro. Kumkubalia upesi, kwa kutamani fedha atakazotuma, kulikuwa sawa na kumtupa.

Asubuhi alimwita. "Mwanangu, sikuzuii. Lakini nataka kuujua mlango utakaoingia."

Mwaka 2021 Burundi na Saudi Arabia zilitiliana sahihi mapatano juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Njia halali basi ipo, na mzazi hana budi kuhakikisha kwamba ndiyo anayoipita mtoto wake. Yafaa aulize: Je, wakala ana kibali cha serikali? Mkataba umeandikwa kwa lugha ambayo binti anaifahamu? Je, unataja mshahara, saa za kupumzika, muda wa kazi na mlipaji wa nauli ya kurudi? Nakala ya mkataba na ya pasipoti zibaki nyumbani. Namba za simu za jamaa na za ubalozi binti azijue kwa moyo, maana simu yaweza kupotea au kunyang'anywa. Tena wapatane neno moja la kawaida ambalo, likitajwa katika mazungumzo, nyumbani watajua kwamba kuna shida.

Wakala wa kwanza alikataa kutoa nakala. Binti alinuna siku mbili, maana rafiki zake walikuwa tayari kuondoka. Mama hakumgombeza, alimwachia afikiri. Siku ya tatu binti mwenyewe alikwenda kudai hati zake, akaanza upya kwa wakala mwingine aliyekubali kuufungua mkataba mbele ya mama na mjomba wake.

Alipomsindikiza kwenye Uwanja wa Ndege wa Melchior Ndadaye, mama alilia kama mama yeyote, kwani uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini sandukuni mwake nyumbani zilikuwamo karatasi zote, na ukutani ilibandikwa siku ya kupigiana simu: kila Ijumaa, baada ya magharibi.

Mtoto hushuka katika mbeleko akiwa bado mdogo. Tangu siku hiyo kazi ya mama ni kumfundisha kutembea, na kuhakikisha kwamba kokote aendako anajulikana kuwa ana kwao.