Sheikh Aboud Rogo alikufa 2012. Kwa nini bado anahubiri?

Sheikh Aboud Rogo Mohammed alipigwa risasi Mombasa tarehe 27 Agosti 2012, akiwa ndani ya gari pamoja na familia yake. Tangu siku hiyo hajaongeza neno hata moja. Lakini hotuba zake zimeendelea kutembea, kwanza kwa CD na DVD, baadaye kwa YouTube, kisha simu kwa simu kwa njia ya WhatsApp na Telegram. Mtoto aliyekuwa akibebwa mgongoni siku Rogo anazikwa, leo ana telefone yake mwenyewe, na anaweza kumsikiliza kana kwamba sheikh amehubiri Ijumaa iliyopita.

Hapa kwetu wengi watasema hayo ni mambo ya Wakenya, sisi tuna ya kwetu yanatutosha. Mimi sikubali. Mwezi mmoja kabla ya kifo chake, Julai 2012, Baraza la Usalama la ONU lilimweka Rogo kwenye orodha ya watu waliowekewa vikwazo kwa sababu ya vita vya Somalia. Maelezo yaliyoandikwa wakati ule yalisema alikuwa akiandaa na kusajili watu wa kwenda kupigana Somalia, hasa Waafrika wanaozungumza Kiswahili. Hawakuandika Wakenya, wala watu wa pwani. Walitaja lugha. Na lugha hiyo inaanzia kwenye visiwa vya Lamu, kwao Rogo, inafika Beni, Butembo, Bunia, Kasongo na Kalemie.

Tuseme kwanza alikuwa nani, maana siku hizi kuna wanaomfanya mtakatifu na kuna wanaomfanya shetani, na pande zote mbili hazipendi habari zake kamili. Baada ya hoteli ya Paradise kulipuliwa Kikambala, karibu na Mombasa, Novemba 2002, Rogo alikuwa kati ya walioshitakiwa kwa mauaji. Mwaka 2005 mahakama ilimwachilia. Mwaka 2012 alikuwa tena na kesi, safari hii ya silaha ambazo polisi walisema wamezikuta nyumbani kwake. Yeye alikana, akapewa dhamana, akaendelea kuhubiri. Kesi hiyo haikufika mwisho kwa sababu mshitakiwa aliuawa barabarani. Polisi ya Kenya ilikana kuhusika. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo.

Hotuba zake, kwa upande mwingine, hazikuwa na siri. Aliwaambia vijana kwamba demokrasia na katiba ni mambo ya makafiri, kwamba vita vya Al-Shabaab huko Somalia ndiyo njia, na kwamba masheikh wanaokaa meza moja na serikali wamejiuza. Aliwacheka kwa majina. Mtu akisema leo kwamba Rogo alikuwa mhubiri wa amani aliyesingiziwa, hajamsikiliza.

Lakini kumsikiliza peke yake hakutoshi, lazima tuelewe pia kwa nini alisikilizwa. Rogo hakuanza na vita. Alianza na mambo ambayo kijana wa pwani ya Kenya alikuwa akiyaona kila siku: ardhi iliyochukuliwa na watu wa mbali, kazi za bandarini zinazopewa wengine, polisi anayemsimamisha mtu kwa sababu ya kofia na kanzu yake. Hayo yalikuwa kweli, hata wanasiasa wa Kenya wenyewe walikuwa wakiyasema. Kijana akishaitikia mara tatu, nne, kwamba sheikh anasema kweli, mara ya tano anaitikia bila kupima. Hapo ndipo Somalia inapoingizwa.

Kisha kuna namna alivyosema. Sisi Wakongomani tuna ugonjwa wetu na Kiswahili. Kile tunachozungumza nyumbani na sokoni tunakidharau, na kile cha Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam tunakiita Kiswahili bora. Mtu akitokea akizungumza kile cha pwani, tena kimechanganyika na aya za Kiarabu, tunanyamaza kabla hajamaliza salamu. Tunamwona msomi. Kijana wa Oicha hawezi kujua kama aya imetafsiriwa sawa au imekatwa katikati, anajua tu kwamba sauti hiyo ni ya mtu mwenye elimu. Rogo alikuwa na sauti hiyo. Alijua kupandisha, kushusha, kutania, kukasirika. Ukitaka ukweli, wengi wanaomjibu wanazungumza kama watu wanaosoma communiqué.

Kuna mahali sauti hiyo ilishafika. Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi la vijana lilishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, pwani ambako watu wanasikia Kiswahili vizuri. Vita vya Cabo Delgado vilianzia hapo, na mamia ya maelfu ya watu wamekimbia nyumba zao. Watafiti waliohoji watu wa kule walikuta kwamba video za Rogo zilikuwa zikizunguka kati ya vijana hao miaka kabla ya risasi ya kwanza, na kwamba baadhi ya wafuasi wake waliteremka kusini kupitia Tanzania baada ya yeye kuuawa. Yaani kifo chake kilimaliza mahubiri ya msikitini Mombasa, kikawatawanya wasikilizaji.

Sasa turudi kwetu, na hapa nataka niwe mwangalifu. Rogo hakuizaa ADF. ADF ilizaliwa Uganda miaka ya 1990, ikajichimbia Rwenzori na misitu ya Beni wakati Rogo hajulikani nje ya Mombasa. Kiongozi wake wa zamani, Jamil Mukulu, alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Ni chini ya Musa Baluku ndipo kundi lilipojiunga waziwazi na Islamic State, na kuanzia Aprili 2019 Islamic State ikaanza kudai mashambulizi ya Kongo, kisha ya Msumbiji, chini ya jina moja. Tangu hapo kundi lililotoka Uganda limekuwa likivuta watu kutoka mbali. Ripoti za wataalamu wa ONU zimetaja kati yao Watanzania, Wakenya na Warundi. Hao wote hawaunganishwi na kabila wala na pasipoti. Wanaunganishwa na Kiswahili, na maneno yanayowavuta ni yaleyale: serikali ni ya makafiri, masheikh wa mjini wamejiuza, njoo huku kuna dola ya kweli.

Dola hiyo tunaijua sisi. Tunaijua kwa majina ya vijiji. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Julai 2025 huko Komanda, Ituri, zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wakiwa kanisani usiku. Wakulima wanachinjwa shambani wakati wa kuvuna kakao. Na Waislamu hawakuachwa, jambo ambalo wengi wetu tunalisahau haraka sana.

Usiku wa tarehe 1 Mei 2021, katika mwezi wa Ramadhani, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa mwakilishi wa Waislamu wa Beni, alipigwa risasi ndani ya msikiti wakati wa swala. Alijulikana mjini kwa kuikemea ADF hadharani, bila kuficha uso. Tazama tarehe. Siku moja kabla, serikali ilikuwa imetangaza uamuzi wa kuweka utawala wa kijeshi, ule tunaouita état de siège, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Utawala huo ulianza rasmi tarehe 6 Mei. Tarehe 18 Mei sheikh mwingine aliyekuwa na msimamo huohuo aliuawa Mavivi, kilomita chache kutoka Beni. Gavana alikuwa jenerali, na mtu ambaye kila mmoja alijua kwamba anatafutwa alikuwa akitembea kwenda nyumbani bila mlinzi.

Mimi naona hapo ndipo tatizo letu lilipo, kuliko kwenye YouTube. Kuna wanaosema dawa ni kufuta video. Zifutwe, sina shida. Anwar al-Awlaki, mhubiri mzaliwa wa Marekani aliyehubiri kwa Kiingereza, aliuawa Yemen Septemba 2011, na mwaka 2017 YouTube iliondoa maelfu ya video zake. Ilichukua miaka sita, na hiyo ni kwa Kiingereza, lugha ambayo makampuni hayo yanaisikia. Kiswahili hawakipi uzito huo, na sisi tunajua jinsi video inavyokatwa vipande, inavyobadilishwa jina, inavyorudi kesho kwenye kikundi cha familia. Ukisubiri California ikusafishie telefone ya mtoto wako utasubiri sana.

Wengine wanasema Waislamu wajisafishe wenyewe, wamkane Rogo na Baluku mbele ya watu. Swali hili linanikera, samahani. Sheikh Ali Amini alifanya nini kama si hilo? Alikana mbele ya watu, akauawa mbele ya watu. Baada ya hapo mtu wa Beni anapanda moto, dereva anaona kanzu yake, anamtania kwamba amebeba bomu, na abiria wengine wanacheka. Mama aliyevaa hijabu anasimamishwa kwenye kizuizi kuliko wengine. Kila kicheko na kila kusimamishwa kwa namna hiyo ni ushahidi anaopelekewa yule kijana na mtu wa mtandaoni: si nilikwambia, hapa hawakutaki?

Wakenya walikwisha kupita njia hiyo na matokeo yapo. Baada ya Rogo kuuawa, Mombasa iliwaka siku mbili, makanisa yakashambuliwa, polisi wakafa. Oktoba 2013 aliuawa mhubiri aliyechukua nafasi yake, aliyekuwa hata akiitwa kwa jina lake. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa kwa risasi na kukamata zaidi ya watu mia moja, watoto wakiwemo. Aprili 2014 aliuawa Abubaker Shariff, aliyeitwa Makaburi, karibu na mahakama ya Shimo la Tewa. Vijana walikuwa wameshaugeuza jina msikiti ule na kuuita wa mashahidi. Hakuna hata hotuba moja ya Rogo iliyojibiwa na risasi hizo. Kama kesi yake ingefika mwisho, tungekuwa na hukumu ya kusoma, ushahidi wa kuupima, mashahidi wa kuwauliza. Badala yake tuna picha za maiti ndani ya gari, na picha hizo zinahubiri kuliko yeye.

Uislamu na Kiswahili viliingia Kongo kwa njia moja, ile ya wafanyabiashara wa pwani waliofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Njia hiyo ilikuwa pia ya watumwa na ya pembe, hatuipambi. Lakini ina maana kwamba Maniema na Kisangani zina familia za Kiislamu zenye vizazi vinne, vitano, zenye masheikh wanaosoma Kiarabu na kuzungumza Kiswahili chetu, kile cha sokoni. Hao hawahitaji semina ya Kinshasa kwa Kifaransa kuhusu msimamo mkali. Wanahitaji maikrofoni. Radio za Beni, Butembo na Bunia, ambazo zinawapa wachungaji saa nyingi kila juma, zinaweza kumpa sheikh nusu saa ya Ijumaa ajibu hoja kwa hoja, achukue aya ileile aliyoikata Rogo na kuisoma mpaka mwisho. Awe huru pia kuzungumzia ardhi, kazi na kizuizi, maana akikaa kimya juu ya hayo, kijana atamwona ni wa serikali na atarudi kwa yule wa simu.

Na akishazungumza, alale wapi usiku? COMICO imekwisha kuzika viongozi wake. Hatuwezi kumwomba baba wa watoto aende hewani dhidi ya watu wenye silaha kisha arudi nyumbani kwa miguu baada ya swala ya isha. Askari wawili mlangoni ni gharama ndogo kwa serikali inayosema Beni ni vita yake ya kwanza.

Tuna pia haki ya kujua jambo moja. Auditorat ya kijeshi ya Beni itueleze hadharani, kwa Kiswahili, kesi ya Sheikh Ali Amini na ile ya sheikh wa Mavivi zimefikia wapi: ni nani walishitakiwa, kwa ushahidi gani, na mbele ya hakimu yupi.