"Mhindi" si Cheo, "Boi" si Kazi



Katika viwanda na mashamba yetu ya Uganda kuna maneno tunayoyatumia kuanzia king'ora cha asubuhi mpaka cha jioni: Mhindi, Mzungu, Mchina, Mweusi, chotara, boi. Tumeyazoea kama tulivyozoea vumbi la karakana. Chama kikikusanya malalamiko, mengi yanaletwa hivi: "Mhindi amekataa kulipa saa za ziada." "Mchina amemfukuza mwenzetu." Tukiuliza ni Mhindi yupi, mwenye mali, meneja, karani wa mishahara au fundi wa boila, tunajibiwa: "Mhindi tu."

Sisi tunaozunguka matawi ya chama tunasema wazi kwamba lugha hii inatutia hasara. Neno la rangi halisemi nani ananyonya na nani ananyonywa. Linamficha tajiri nyuma ya watu wa rangi yake, na linamfanya mfanyakazi mwenzetu aonekane adui.

Maneno haya yana historia. Tuanze na neno kuli. Reli ya kutoka Mombasa kuja Uganda ilipojengwa kuanzia mwaka 1896, Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Waliitwa makuli. Zaidi ya 2,000 kati yao walikufa katika kazi hiyo. Baadaye, katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, neno hilo hilo likawa jina la Mwafrika anayebeba magunia mgongoni. Rangi mbili, neno moja, kwa sababu mzigo ulikuwa mmoja. Mkoloni alijua vizuri nani ni kibarua. Ila kwenye mshahara aliwatenganisha: katika serikali zake za Uganda, Kenya na Tanganyika aliweka ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Wa katikati alimwogopa wa chini, wa chini alimchukia wa katikati, na wa juu alikula kwa raha.

Neno boi nalo tunalijua. Mtu mzima mwenye mke, watoto na wajukuu aliitwa mtoto wa kiume na bwana wake. Mkoloni aliondoka mwaka 1962, neno likabaki. Mpaka leo tunasikia shamba boi, hausi boi, taniboi. Na mara nyingi anayeita hivyo si Mzungu wala Mhindi. Ni nyapara mweusi, ndugu yetu, aliyepanda cheo jana. Huko vijijini tumesikia hata Mwafrika mwenye gari na vibarua wake akiitwa "mzungu wangu" na anaowalipa. Hapo neno limekwisha kuacha ngozi, linataja cheo tu.

Kama kuna nchi iliyopaswa kujifunza jambo hili mapema, ni yetu. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 za kuondoka. Watu wengi walishangilia, na wafanyakazi walikuwamo. Tuliambiwa kwamba mnyonyaji anaondoka na mali inarudi kwa mwenye nchi. Maduka, viwanda na mashamba yakagawiwa maofisa wa jeshi na marafiki wa utawala. Je, mkata miwa aliongezwa mshahara? Hakuongezwa. Vipuri vilikosekana, mashine zikafa, na ilipofika miaka ya 1980 viwanda vya sukari vilikuwa karibu vimesimama kabisa. Sukari ikawa bidhaa ya magendo katika nchi inayolima miwa. Wale waliogawiwa mali wananchi wakawaita mafutamingi. Litazameni neno hilo, ndugu. Halitaji rangi, linataja shibe. Siku ile mwananchi alitamka kweli yote kwa neno moja.

Mwaka 1982 ilitungwa sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa, na wenye mali wengi wakarudi. Na sisi tukarudi kwenye neno letu la zamani. Mwezi Aprili 2007 watu waliandamana Kampala kupinga sehemu ya msitu wa Mabira kupewa kampuni ya sukari. Shabaha ilikuwa njema. Lakini siku hiyo Mhindi mmoja aliuawa barabarani na kundi la watu. Hakuwa yeye mwenye uwezo wa kugawa msitu. Aliuawa kwa sababu ya neno tu. Hatuwezi kujivunia jambo hilo.

Tutazame sasa mfuko wetu. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Fedha hiyo leo haitoshi kununua hata kilo mbili za nyama. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kurekebisha mambo hayo, Rais hakuutia sahihi. Sahihi iliyokosekana pale si ya Mhindi. Tukikaa chini ya mwembe saa ya chakula tukimlaani Mhindi, walioacha kazi yao wanalala usingizi mzuri.

Wapo watakaotuuliza: je, hakuna ubaguzi? Upo, na tumeuona. Kuna mahali usimamizi wote ni wa watu wa rangi moja, na mfanyakazi wetu anayejua mashine kwa miaka kumi anaitwa msaidizi wa kijana aliyefika juzi. Kuna mabwana wanaowaita Waafrika kwa majina ya kitumwa katika lugha zao wakidhani hatuelewi. Jambo hilo tulitaje kwa jina lake, ubaguzi, na tulete ushahidi: jina la kazi, miaka ya kazi, mshahara wa huyu na wa yule. Kwa ushahidi huo chama kinaweza kumkabili mwajiri mbele ya ofisa wa kazi. Ukilalamika kwamba "Wahindi ni wabaya," umempa mwajiri nafasi ya kusema sisi ndio wabaguzi, na faili limefungwa.

Pia tumekutana na mafundi kutoka India ambao pasi zao za kusafiria zinakaa kabatini kwa tajiri. Wanalala ndani ya ua wa kiwanda na hawatoki bila ruhusa. Hao tunawaita "mabosi" kwa sababu ya nywele zao. Nani amekwenda kuwauliza kama wanataka chama?

Wazee wetu wa vyama waliliona jambo hili zamani. Nairobi, mwaka 1935, kilikuwapo chama cha wafanyakazi kilichoitwa kwa jina la Wahindi. Makhan Singh na wenzake waliliondoa neno Wahindi katika jina la chama na kufungua mlango kwa mfanyakazi wa rangi yoyote. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai, Kalasinga na Mwafrika, waliunda muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Mwezi Mei 1950 mkoloni aliwakamata wote wawili, na Makhan Singh akakaa kifungoni na kizuizini mpaka mwaka 1961. Serikali ile haikuogopa maneno ya rangi, maana ndiyo iliyoyapanga. Iliogopa yalipofutwa.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi lifanye mambo matatu. Kwanza, karatasi ya malalamiko iandikwe cheo na kosa, isiandikwe rangi: "meneja wa uzalishaji hakulipa saa nane za ziada." Pili, neno boi likome vinywani mwetu. Kuna mtunza bustani, kuna mpishi, kuna msaidizi wa dereva. Nyapara akilitumia, wajumbe wamwonye, hata akiwa mwanachama. Tatu, kila mfanyakazi wa kiwanda aitwe mkutanoni, awe ametoka Busoga, Arua, Burundi au Gujarati. Asipokuja, itajulikana kwamba aliitwa.

Tajiri anapohesabu faida hahesabu kwa rangi. Nasi tunapohesabu wenzetu tusihesabu kwa rangi.

Umoja ni nguvu.