Neno la Mhariri: Ari Haifi, Huhama

Toleo hili la jarida letu tumeliweka wakfu kwa jambo moja ambalo wakuu wa makampuni na wa idara za serikali hulitaja kila mwaka katika taarifa zao, nalo ni moyo wa mfanyakazi: ile nia, ari na ikhlasi ambayo mtu huitia katika kazi zaidi ya kiasi alichoandikiwa katika mkataba wake. Ujira hununua saa za mtu, wala si aibu kusema hivyo, kwa kuwa ndivyo mapatano ya ajira yalivyo. Lakini fikira zake, hadhari yake, uaminifu wake pale asipoonekana na yeyote, na ile hima ya kumfuata mteja mpaka mlangoni ili amkumbushe jambo alilolisahau, hayo hayamo katika hati yoyote ya mshahara, na shirika huyapata kwa hiari ya mwenyewe tu. Muradi wetu ni kubainisha kwamba hiari hiyo haiji kwa vitisho wala kwa zawadi za mwisho wa mwaka, bali huja pale ambapo mfanyakazi amehesabiwa kuwa mtu, akaulizwa rai yake, na rai yake ikajibiwa. Na kwamba mahali asipohesabiwa, ari yake haifi, bali huhamia kwingine.

Jiji la Nairobi lina ushahidi wake mintarafu ya kadhia hii, nao ni wa zamani kuliko vitabu vingi vya uongozi vinavyosomwa leo vyuoni. Tom Mboya alihitimu ukaguzi wa afya mwaka 1950, akaajiriwa na Baraza la Jiji, na katika kitabu chake Freedom and After, kilichochapishwa mwaka 1963, ameeleza jinsi siku moja alipokuwa peke yake kazini, akishughulika na vipimo vya maziwa, alivyoingia mwanamke wa Kizungu, naye Mboya akamwamkia kwa adabu. Yule bibi akatazama huku na huku, kisha akauliza kama mle ndani hamna mtu. Mbele yake alikuwa amesimama mkaguzi aliyesomea kazi yake, mwenye ujuzi ule ule uliokuwa ukihitajiwa, lakini machoni mwa bibi huyo chumba kilikuwa kitupu. Wala halikuwa kosa la adabu la mtu mmoja pekee, kwa sababu hati za mishahara nazo zilisema maneno yayo hayo kwa tarakimu: mkaguzi wa Kiafrika alipokea sehemu ndogo tu ya ujira wa mwenziwe wa Kizungu, ilhali kazi yao ilikuwa moja.

Msomaji na azingatie yaliyofuata. Akili ile nyepesi, ulimi ule fasaha, na kipaji kile cha kuwapanga watu na kuyapatanisha mashauri yao, vyote vilikuwa chini ya dari la Baraza, na Baraza lingaliweza kuvitumia katika kulisafisha jiji na kuziokoa roho za wakazi wake; lakini kwa kuwa halikuviona, vilipita mlango mwingine. Mboya alijitia katika jumuiya ya watumishi wa Baraza, akasaidia kuigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka 1953 haujaisha akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya nzima, naye ni kijana wa miaka 23. Taifa lilipata faida kubwa kwa kuhama huko. Mwajiri wake ndiye aliyepata hasara, na hasara hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la hesabu.

Miaka tisa baadaye mtu huyo huyo alikuwa Waziri wa Kazi, na mnamo Oktoba 1962 serikali, Shirikisho la Waajiri na Shirikisho la Wafanyakazi walitia saini mkataba wa mahusiano ya kazini ambao ndio uliokuwa msingi wa muamala wa waajiri na waajiriwa wetu tangu kabla ya uhuru. Watu hukumbuka zaidi masharti yake juu ya migomo na namna ya kuisuluhisha migogoro. Sisi twapenda kukumbusha kwamba mkataba ule uliwataka pia mabwana wa kazi na watumishi wao wawe na dasturi ya kushauriana. Waliouandika walifahamu kwamba amani ya kazini haianzi siku ya ugomvi, na kwamba anayengoja mpaka watu wake wapige kelele ndipo awasikilize amekwisha kuchelewa.

Leo wakuu wengi wa ofisi za katikati ya jiji hunung'unika kwamba watumishi wa siku hizi hawana bidii: huja kazini kwa sababu ya mshahara, hutazama saa, hukaa kimya mikutanoni. Sisi hatukubali kwamba bidii imetoweka, maana tumeiona iliko. Jumapili alasiri, katika nyumba ya Kawangware au ya Uthiru, karani yule yule asiyesema neno mbele ya mkubwa wake hufungua daftari la chama chake, akasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, akataja nani amechanga na nani hajachanga, akamtoza faini aliyechelewa, kisha akasimama kutetea kwa hoja nzito rai ya kununua kiwanja badala ya kugawana fedha Desemba ikifika. Halipwi hata senti kwa kazi hiyo. Hesabu zake ni sahihi kuliko zile anazozifanya ofisini, na akiona kasoro hulala akiiwaza. Vyama vikubwa vya akiba na mikopo tunavyojivunia, kama Mwalimu, Harambee na Stima, vilianza kwa watumishi wa namna hiyo, waliokuwa na sehemu moja ya kazi na nia moja. Ni kipi basi kilichomo katika chama kisichokuwamo ofisini? Ni kwamba chamani kila aliyeketi ana kura moja, kila hoja huandikwa, na hakuna uamuzi unaoshuka kutoka ghorofa ya juu bila ya mtu kuelezwa sababu yake.

Wataalamu nao wamelifikia jambo hili kwa njia yao. William Kahn, mwanachuoni wa Marekani, alitangaza mwaka 1990 utafiti alioufanya miongoni mwa walezi wa vijana katika kambi ya kiangazi na miongoni mwa watumishi wa ofisi ya wasanifu majengo, akasema kwamba mtu hujitoa nafsi yake kazini yakitimia mambo matatu: aione kazi yake kuwa ina maana, awe na amani ya kujidhihirisha bila ya kuogopa kuadhirika au kuadhibiwa, na awe amebakiwa na nguvu za mwili na za moyo za kuitendea kazi hiyo. Hoja hii ya tatu husahauliwa mno katika jiji letu. Alfajiri barabara ya Waiyaki hujaa watu waendao kwa miguu kutoka Kangemi, na sehemu ya mwisho ya safari yao hupita chini ya nguzo za ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, mpaka wafike kwenye majumba ya vioo ya Westlands, viatu vikiwa na vumbi, ambavyo huvipangusa kwa kitambaa kabla ya kuingia. Msimamizi anayempokea mtu wa namna hiyo kwa kumkaripia kwa dakika tano za kuchelewa, asimuulize ametokaje kwake, amekwisha kumwondolea nguvu ambazo angalizitumia kumhudumia mteja wa kwanza.

Na walio wengi katika msafara ule hawamo kabisa katika hesabu. Soja aufunguaye mlango, mwanamke apigaye deki ngazi, na apikaye chai ya saa nne, aghalabu si watumishi wa kampuni ambayo jina lake limeandikwa juu ya jengo, bali ni wa kampuni nyingine iliyopewa kandarasi ya ulinzi au ya usafi. Kwa hiyo kampuni inapogawa karatasi za maswali ili ijue hali ya mioyo ya watu wake, hao hawapewi. Hata hivyo soja ndiye mtu wa kwanza kuonana na mteja na wa mwisho kumuaga. Yeye ndiye ajuaye ni mzee gani aliyerudi mara tatu kwa fomu moja, na ni mama gani aliyetoka akilia. Shirika linalotumia fedha nyingi kuwaleta washauri kutoka ng'ambo ili liambiwe sababu ya kukimbiwa na wateja, na halijamuuliza mtu anayesimama mlangoni kwake kutwa, limeacha elimu iliyo karibu nalo likaenda kununua ya mbali.

Asiyesikilizwa kwa muda mrefu husema kwa njia nyingine, na wahenga walitujuza: wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Madaktari wa hospitali za umma walitia saini mapatano na serikali mwaka 2013. Mapatano hayo yalipokaa bila ya kutekelezwa, waligoma tangu Desemba 5, 2016 mpaka Machi 2017, siku mia moja kamili, na waliolipa gharama kubwa kuliko wote walikuwa wagonjwa maskini waliofika kwenye milango ya hospitali wakaikuta imefungwa. Tarehe 1 Mei 2023, hapa Westlands katika hoteli ya Mövenpick, wafanyakazi zaidi ya 150, ambao kazi yao ni au ilikuwa kuchuja picha na maneno ya kutisha kwa ajili ya mitambo ya Facebook, TikTok na ChatGPT, walikusanyika wakapiga kura ya kuunda chama chao. Mmoja aliyewatangulia katika njia hiyo, Daniel Motaung, alikuwa amefungua kesi Nairobi mwaka 2022, akidai kwamba aliachishwa kazi kwa sababu ya kuwakusanya wenziwe wadai hali bora. Mahakama zina kazi yao na hatuziingilii; lakini kila mwajiri ajiulize ni maneno mangapi yaliyosemwa kwa upole kabla ya kufika kwa wakili.

Tunajua waajiri watatuletea hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba maneno haya ya rai na heshima ni anasa, kwa kuwa mtumishi hutaka fedha tu. Kwa hakika mkono mtupu haulambwi, na mwajiri anayemlipa mtu ujira usiomtosha kodi ya nyumba na karo za watoto, kisha akamtaka awe na ari, anadai asichokitolea. Kwa hiyo haki ya ujira ndiyo ya kwanza, wala hakuna kikao kitakachoiziba nafasi yake. Walakini ujira mwema bila ya insafu humfanya mtu abaki kazini, haumfanyi aipende kazi. Hoja ya pili ni kwamba wasio na ajira ni wengi mno nje ya lango, na hofu ya kufukuzwa yatosha kumtia mtu bidii. Hofu humleta mtu kazini mapema, hilo twalikubali. Lakini mtu mwenye hofu huficha makosa, huukubali uamuzi anaoujua kuwa ni mbovu, na akiona hatari huinyamazia ili asije akalaumiwa kwa kuileta habari mbaya. Benki, hospitali au kiwanda kinachoendeshwa kwa ukimya wa namna hiyo kinaijenga hasara yake siku baada ya siku, na mkuu wake ndiye atakayepata habari mwisho.

Sheria yetu yenyewe inaitambua thamani ya kumsikiliza mtu. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa udhaifu wa utendaji, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mwenziwe wa kazini au mwakilishi wa chama chake akiwepo, na ayasikilize maneno yake. Ni sheria njema. Lakini ni msiba ulioje kwamba katika ofisi nyingi za jiji hili kikao hicho cha kumfukuza mtu ndicho cha kwanza ambacho ameombwa aseme!

Makala zilizomo katika toleo hili zimeandikwa na waajiri na waajiriwa, na hazikubaliani katika kila jambo. Lakini zikisomwa pamoja zinaelekea kwenye mambo matatu ambayo sisi twayatilia mkazo. Watu waulizwe kabla ya uamuzi kukatwa, na majibu yarudi kwao kwa muda uliotajwa, hata yakiwa ni ya kukataa, kwa kuwa rai isiyojibiwa hudhuru kuliko rai isiyoombwa. Wasimamizi wachaguliwe kwa uadilifu wao pamoja na ujuzi wao, maana mtumishi wa chini huijua kampuni kwa uso wa mkubwa wake wa karibu, wala hajui sura nyingine. Na wale wa kandarasi, walio mlangoni na ngazini, waingizwe katika kila kikao na kila hesabu ya watu wa shirika. Safari za Naivasha na fulana zenye nembo hatuzikatazi, kwani furaha ya pamoja ina baraka yake, lakini zisitumiwe kuwa badala ya haya.

Twawasihi basi wakuu watakaolishika jarida hili wasilisome peke yao. Kabla ya mwaka huu wa hesabu kufungwa, kila mmoja aitishe kikao kimoja, awaketishe humo karani, dereva, soja na mfagiaji pamoja na wakurugenzi, awaulize ni jambo gani wanalolijua juu ya kazi yao ambalo hawajawahi kuulizwa na mtu. Kisha ayaandike yote, na baada ya mwezi mmoja abandike ukutani, mahali ambapo kila mtu hupita, lipi limetendwa, lipi halikutendwa, na kwa sababu gani.