Prosesa si karasha, ndugu zangu

Jamaa yangu wa Geita anayepiga video za harusi kanipigia simu juzi. Ana pesa ya kompyuta moja ya mezani ya mtumba, na akikosea hana ya pili. Anachagua kati ya Intel Core i5-9600K ya 2018 na AMD Ryzen 5 3600 ya 2019. Fundi kamwambia achukue Intel kwa sababu "inasukumika". Mimi nasema hapana.

Kusukuma huko, yaani ovakloki, ni kuilazimisha prosesa ikimbie kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Zamani ilikuwa dili kweli kweli. Mwaka 1998 watu walinunua Celeron 300A ya megahezi 300, wakapandisha basi la mazabodi kutoka 66 hadi 100, wakapata megahezi 450. Nusu nzima ya kasi, bure!

Siku hizi mambo yamebadilika. Prosesa inajisukuma yenyewe: Ryzen 5 3600 hutoka gigahezi 3.6 hadi 4.2, na 9600K hutoka 3.7 hadi 4.6. Kiwanda kimeshalamba asali, wewe unaachiwa mzinga. Na huo mzinga unaulipia. Ile herufi K maana yake kufuli liko wazi, lakini ili uisukume unahitaji mazabodi ya Z370 au Z390, tena feni unanunua mwenyewe maana ndani ya boksi haikuwemo. Ryzen ilipotoka iliuzwa dola 199, feni ikiwemo; 9600K ilikuwa dola 262, bila feni.

Tuwe wakweli. Kwa magemu, 9600K iliyosukumwa hadi karibu gigahezi 5 inampita mwenzake. Tena ina grafiki zake ndani, wakati Ryzen 5 3600 haiwezi kuonyesha picha bila kadi ya grafiki, kwa hiyo bei ya kadi ihesabiwe. Lakini jamaa yangu hachezi magemu. Anahariri video, na kwenye kazi hiyo kori 6 zenye nyuzi 12 zina faida kuliko kori 6 zenye nyuzi 6.

Halafu kuna joto. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, na hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji. Ongeza kasi asilimia 20 na volteji asilimia 10, matumizi yanapanda kama asilimia 45. Hiyo yote inageuka joto, ndani ya chumba cha bati, mwezi wa kumi, vumbi limeziba feni. Mwenye karasha pale Geita anajua: ukiikamua mashine kupita uwezo wake, mawe yatasagika haraka, ila dizeli itakwisha na beringi zitakufa. Na yeye angalau anapata dhahabu!

Mimi hili nimelipia. Niliwahi kuwa na i5-2500K, nikaisukuma kutoka 3.3 hadi 4.4 hapa Shinyanga, nikajiona fundi. Mchana mmoja wa jua kali ikaganda nikiwa nahariri mahojiano ya saa mbili na wachimbaji wadogo. Faili likaharibika, na kwenye kinasa sauti nilishafuta. Mzee mmoja aliyenisimulia jinsi duara lilivyomfukia ndugu yake sikumpata tena. Gigahezi 1.1 niliyoiongeza haikunirudishia sauti yake.

Kwa hiyo ushauri wangu kwake: chukua Ryzen, iache na kasi yake ya kiwandani. Pesa itakayobaki nunua UPS na diski ya SSD, maana umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi harusi ya watu, bibi harusi hatakuuliza gigahezi ngapi.

Kama una muda, una kiyoyozi na una mashine ya pili, sukuma tu, raha yake naijua. Ila kama kompyuta ndiyo jembe lako, kwa nini ulinoe hadi livunjike?

Alamsiki.