Kitabu cha Kumbukumbu na Maneno ya Baraza

Wako wenzetu wasemao kwamba kitabu cha kumbukumbu cha Chama kiandike maazimio tu, na maneno ya ubishi yaachwe, kwa kuwa katibu huchoka na wasemaji huona haya. Sisi hatukubali, na sababu yetu twaitoa katika habari za James Madison.

Marekani ilipopigana na Uingereza ili ijitawale, tangu 1775 hata 1783, baraza lake kuu, yaani Congress, lilikutana kwa siri. Katibu, Charles Thomson, alitumika miaka 15. Daftari zake zaonyesha yaliyokatwa, lakini mabishano hayamo. Madison, mjumbe wa Virginia mwenye miaka 31, alianza mwezi wa Novemba 1782 kujiandikia nani kasema nini.

Tazama tarehe 13 Januari 1783. Jenerali McDougall na makanali wawili, Ogden na Brooks, wametumwa na jeshi kudai mishahara. Hazina ni tupu. Congress haikuwa na amri ya kutoza kodi, iliyaomba tu majimbo 13. Na Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, lilikuwa limekataa ushuru wa forodha wa 5 katika 100. McDougall aonya kuwa saburi ya askari yakaribia kwisha. Msomaji aliyepata kungoja malimbikizo ya mshahara hahitaji kufasiriwa maneno hayo.

Tarehe 21 Juni askari wakalizunguka baraza mjini Philadelphia. Madison aandika kuwa walielekeza bunduki madirishani, na kwamba pombe kali ilianza kutolewa kwa wingi katika vilabu vya jirani. Congress ikahamia Princeton. Azimio la kuhama peke yake lingetuambia nini?

Twakiri kwamba Madison alikuwa mtu wa upande mmoja, akitaka Congress ipewe mapato yake. Tena maandiko yake yalikaa sandukuni mpaka alipokufa 1836. Serikali iliyanunua 1837 kwa dola 30,000, yakapigwa chapa 1840. Waliotajwa humo walikuwa karibu wote wamekwisha kufa, wasiweze kujibu.

Kwa hiyo twaomba mkutano ujao ukubali hivi: katibu aandike hoja pamoja na majina ya wasemaji, kitabu kisomwe mbele ya wote mkutano unaofuata, na kila mtu apewe nafasi ya kusahihisha maneno yake mwenyewe kabla mwenyekiti hajatia sahihi.