Mji Usio na Kumbi

Imekuwa desturi katika hotuba na magazeti yetu kuwalaumu vijana wa mijini. Husemwa kwamba wamepotea, wameiga ya wageni, hawana utamaduni. Wasemao hivyo aghalabu hutaja nywele, suruali na lugha ya mitaani, kisha hunyamaza kana kwamba wamekwisha kuthibitisha jambo. Sisi tunaikataa hukumu hiyo. Twadai kwamba kijana hajulikani kwa suruali aivaayo, bali kwa mahali anapofanya kazi ya sanaa pamoja na wenziwe, chini ya kanuni wanazozikubali. Taifa linalotaka kujua vijana wake ni nani halina budi kujiuliza kwanza linawakutanisha wapi.

Lugha yetu yenyewe inatufunza jambo hili. Tangu zamani neno kumbi lilitaja mahali pa jando, ambapo wavulana walitengwa, wakafunzwa nyimbo, mafumbo na adabu, wakatoka wakiwa rika moja. Wasichana nao walikuwa na unyago wao. Leo tukisema kumbi twafikiria nyumba kubwa za mikutano na burudani. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Twasema kwamba kazi zake zinafanana, kwani katika kila moja mtu huingia akiwa mwana wa fulani, akatoka akiwa mmoja wa kundi lenye jina, mtindo na wajibu. Mjini, ambako watu wa makabila mengi huishi mtaa mmoja, jando la kabila haliwezi tena kuwakusanya wote. Nafasi hiyo imeshikwa na mahali pa sanaa.

Historia ya miji yetu ina ushahidi wa kutosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa miji ya pwani walicheza beni. Walijigawa katika vyama, mashuhuri zaidi vikiwa Marini na Arinoti, wakavaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi na kuandamana kwa ngoma na tarumbeta. Wapo waliowaona kuwa waigaji tu wa majeshi ya Wazungu. Lakini vyama hivyo viliwasaidia wanachama wake katika misiba na shida, vikawapatia wageni wa mjini ndugu wapya. Aliyetazama sare peke yake hakuuona udugu huo.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Aliwafunza jamaa zake wachache, naye akafariki mwaka 1972. Je, kazi hiyo ilikufa pamoja naye? La. Wanafunzi wake waliendelea kukaa mahali pale pale, wakawafunza wadogo zao, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Jina la mtu mmoja likawa jina la mtindo na la kundi zima. Kijana aliyefika kutoka kusini bila kazi wala cheti alipata hapo ufundi, mwalimu na jina la kujitambulisha mbele ya jiji. Hakuna hotuba iliyoyafanya hayo. Yalifanywa na mahali ambapo watu walionana kila siku wakiwa na kazi mikononi.

Sasa tupime njia nyingine. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilianza kutekelezwa Januari 1969, kupiga vita nguo fupi za kike, suruali za kubana, mawigi na madawa ya kuchubua ngozi. Mwishoni mwa mwaka huo muziki wa soul nao ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Nia ya kulinda heshima ya Mwafrika hatuidharau. Kasumba ya kikoloni ilikuwa kitu halisi. Lakini marufuku huondoa, haijengi. Kijana aliyeambiwa asicheze soul alistahili kuambiwa pia acheze nini, wapi, na afunzwe na nani. Yafaa tukumbuke kwamba mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa, aliwaweka utamaduni na vijana katika wizara moja. Waliokuja baadaye wakakumbuka zaidi kukemea kuliko kulea.

Leo hii rika jipya limejitafutia kumbi zake lenyewe. Singeli, muziki wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, haukuzaliwa katika taasisi yoyote. Ulitokana na mchiriku na sherehe za mitaani za Manzese, Tandale na Mburahati, ukatengenezwa katika vyumba vidogo vyenye kompyuta moja. Nyimbo kutoka studio moja ya namna hiyo, ya Sisso huko Mburahati, zilitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Kampala, zikasikilizwa hadi Ulaya. Vijana tuliowaita wahuni wakawa wanalitangaza taifa.

Wapinzani wetu watasema kwamba singeli ina matusi na makelele. Ni kweli kwamba baadhi ya nyimbo zina lugha chafu, wala hatuitetei. Lakini adabu hufunzwa mahali penye mkubwa na mdogo. Ukifunga chumba cha muziki, wimbo utahamia uchochoroni usiku, mahali pasipo na mkubwa yeyote. Na msichana, ambaye hata sasa nafasi yake katika studio hizo ni finyu, ataikosa kabisa.

Watasema pia kwamba kumbi za sanaa zilizopo zinaendeshwa kwa fedha za wageni. Hoja hii ni nzito, ila inamrudia asemaye. Nafasi Art Space, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2008, huwapa wasanii vyumba vya kazi ndani ya makontena huko Mikocheni, kwa sehemu kubwa kwa misaada ya nje. Nyumba ya Sanaa, iliyoanza mwaka 1972, ndimo George Lilanga alimoingia akiwa mlinzi na kuondoka akiwa msanii wa sifa duniani. Lakini jengo lake la katikati ya jiji limekwisha kukoma kuwa nyumba ya wasanii. Ikiwa mgeni ndiye anayejenga nasi ndio tunaoacha kipotee, nani kati yetu ana haki ya kulalamika juu ya utamaduni wa kigeni?

Katika sensa ya mwaka 1967 mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 272,821. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728. Kila msomaji na auhesabu mtaa wake: viwanja vya wazi vimebaki vingapi, na ni ukumbi gani wa umma ambao kijana asiye na fedha anaweza kuingia akafanya mazoezi?

Basi twataka mambo yaliyo wazi. Kila kata iwe na ukumbi au kiwanja cha sanaa kilichopimwa na kulindwa kisheria kama vile zahanati. Mabwalo ya shule za sekondari yafunguliwe siku za Jumamosi, chini ya walimu, kwa vijana wote wa mtaa. Nanyi wanafunzi, nendeni kwenye studio na vibanda vya wachoraji mkaandike nani alimfunza nani, kwa kanuni gani na kwa maneno gani. Hapo mtaikuta mila inayoundwa mbele ya macho yenu.

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo tumezoea kumtupia mzazi. Safari hii na tuitupie halmashauri inayouza kiwanja cha ngoma.